Kengele Anatapika

Kengele alipotapika mara ya kwanza asubuhi ile sikupata wasiwasi, na nasema hivi mapema kwa sababu baadaye watu walipiga domo mtaa mzima kwamba nilikaa tu nikimtazama mbwa wangu akifa. Mbwa hutapika. Akila upesi mno anatapika, akila majani anatapika, akiokota mfupa uliooza jalalani anautapika, kisha anarudi kuuonja kama vile si yeye aliyeukataa. Mtu anayefuga mbwa na hajawahi kupiga deki matapishi, huyo hafugi, ana picha ya mbwa ukutani. Mimi nimempigia deki Kengele tangu alipokuwa analala kwenye kikapu changu cha mabaki ya vitambaa.

Mimi ni fundi wa makochi. Sisikii. Nilikuwa nasikia mpaka nilipoanza shule, kisha ikaja homa ikaondoka na masikio yangu, ndiyo maana naongea, ingawa wanasema sauti yangu ni ya mtu anayegombana. Mara nyingi huwa nagombana kweli, kwa hiyo sioni kosa la sauti. Wanachosema wengine nakisoma mdomoni, mradi wanitazame. Mtu akinipa kisogo, amenifungia mlango.

Na huyu mbwa ndiye kengele yangu. Jina sikulitafuta mbali. Mtu akibisha hodi, anakuja kunigusa goti kwa pua. Sufuria ikianza kuungua, ananivuta aproni. Kabla yake niliunguza sufuria mpaka pazia likashika moto, na kaka yangu mkubwa akakata shauri kwamba mdogo wake hawezi kuishi peke yake. Alinisafishia chumba cha nyuma nyumbani kwake, pembeni mwa tangi la maji, akanunua na kitanda. Chumba bado kipo, kitanda kimetandikwa, na kila akija kunijulia hali lazima anikumbushe. Karakana yangu, ufunguo wangu, kulala nitakapo na kuamka nitakapo, vyote vimesimama juu ya miguu minne ya Kengele. Hilo Kaka analijua, na mimi nalijua.

Kaka habishi hodi. "Nibishe hodi kwa nani, na wewe husikii?" Hiyo ndiyo hoja yake tangu zamani, na anaiona ina akili. Ana ufunguo wake, anaingia, ananijia kwa nyuma na kunipiga bega, mimi naruka na nyundo mkononi, yeye anacheka. Kengele hanyanyui hata mkia, kwani kazi yake ni hodi, na hodi haikupigwa. Kuna wanaume wamepigwa nyundo kwa makosa madogo kuliko hilo.

Sasa, matapishi ya kwanza yalikuwa chakula cha jana, hakijasagika. Nikaondoa bakuli la chakula ili tumbo lipumzike, nikamwachia maji ya kulamba kidogo tu, kama daktari wa wanyama alivyonifundisha, nikarudi kwenye kochi langu. Mara ya pili likatoka povu jeupe. Mara ya tatu nyongo. Hapo ndipo nilipoweka nyundo chini.

Wengine husikia mbwa akikokomoa wakiwa chumba kingine. Mimi nautazama mwili. Mbwa anayetapika kutapika kwa kawaida hujilamba midomo, mate yakamjaa, tumbo likajibana kama mtu anayekamua shuka, kikatoka kilichomo, naye akaondoka zake. Kengele tumbo lilijibana, likajibana, likajibana tena, na hakikutoka kitu ila ute. Kisha akashusha kifua sakafuni, makalio juu, akabaki vilevile kama mtu anayetafuta pini chini ya kabati. Nikapiga magoti nikampapasa chini ya mbavu. Mikono hii inashika sponji kutwa, inajua kilicho laini na kilicho kigumu. Pale palikuwa pagumu kama mkono wa kiti.

Nikamwandikia daktari ujumbe kwenye simu. Sijamaliza hata kutuma, bega likapigwa.

Niliruka. Kaka akacheka. Nyuma yake alikuwa mkewe, wifi yangu, kashika pochi kifuani kama aliyekuja msibani, na Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaona matapishi sakafuni. Kaka akafuata macho yake. Akainama, akamtazama Kengele, akasimama, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyepewa cheo.

"Kapewa sumu," akasema.

"Sijui bado. Namuuliza daktari."

"Daktari wa nini? Sumu hii. Na aliyempa namjua." Akanyoosha kidevu kuelekea ukuta wa jirani.

Jirani yetu upande ule anatengeneza baiskeli. Wiki iliyopita alikuja kulalamika. Kengele anabweka, akasema, anabweka mpaka yeye anapoteza hesabu ya spoki. Niliona aibu, kwa sababu mimi sijawahi kumsikia Kengele akibweka hata siku moja, ilibidi nimwamini tu. Nikamwomba radhi. Lakini alikuwa amekasirika, na akiwa anaondoka alimkuta Kaka mlangoni, akamwambia kwamba ipo siku atamnyamazisha yule mbwa yeye mwenyewe. Mtu anayesumbuliwa husema hivyo. Mimi nasema mabaya zaidi ya hayo kabla sijanywa chai. Ila Kaka aliyaweka maneno yale kibindoni, na sasa akayatoa.

"Kaka, subiri," nikamwambia. "Tujue kwanza amekula nini."

Akanipungia mkono wa tulia, tulia, ule mkono anaopungiwa mtoto. Akamgeukia mkewe, bahati nzuri uso wake ukiwa bado upande wangu. "Mchemshie maziwa. Tia chumvi ya kutosha. Atapike sumu yote."

"Hapana!" nikasema. "Asipewe kitu!"

Najua nilipiga kelele, kwa sababu Wifi alifumba macho. Kaka alikuwa ameshatoka.

Kupitia dirishani nilimwona akivuka ua, akimfuata Fundi Baiskeli pale alipochuchumaa na gurudumu. Sikuhitaji masikio. Nilimwona Kaka akiongea kwa mikono miwili. Nilimwona Fundi Baiskeli akiinuka polepole, akipangusa mikono kwenye kaptura. Wateja wakasogea, na wapita njia wakasimama. Kisha Kaka akamkamata shati shingoni, mbele ya wote. Damu ilinichemka. Mbwa ni wangu, ugomvi ni wa jina langu, na mimi ndiye mtu pekee pale mtaani ambaye hakujua ni maneno gani yanasemwa.

Simu ikatetema mfukoni. Daktari aliuliza anachotapika ni rangi gani, kuna damu, tumbo limejaa, anajaribu kutapika bila kutoa kitu? Nikajibu moja moja. Akaandika: "Usimtapishe. Usimpe maziwa, chumvi wala mafuta. Zunguka kila mahali anapofika. Angalia nini kimetafunwa au kimepungua. Haraka."

Hilo ni agizo linaloeleweka. Nikazunguka. Katika karakana ya makochi mbwa anaweza kumeza mengi, na kila kimoja kina ubaya wake. Nilitazama uzi: rili zote zipo, hakuna ncha iliyotafunwa. Sindano zangu ndefu zilikuwa zimechomekwa kwenye mto wa sindano. Nilitazama pini, springi, vipande vya sponji, mikanda ya kufumia kiti. Nikaingia chini ya benchi kwa tumbo, kisha chini ya kochi kuukuu linalongoja kuvuliwa kitambaa, na huko, kwenye vumbi, mkono ukagusa chupa.

Haikuwa yangu. Ilikuwa gundi ya Kaka.

Jana yake nilikwenda kupeleka mito kwa mteja. Kaka akaja nisipokuwepo, akaona kigoda changu kina mguu unaocheza, akaamua kunisaidia. Sikumwomba. Gundi ninayo, ya maji, nyeupe, nimeitumia miaka. Ila yeye alikuwa amenunua gundi ya kisasa, ile inayovimba yenyewe na kuziba ufa, na niliporudi alinionyesha mguu wa kigoda umetokwa na povu la manjano gumu, akifurahi kama mtoto aliyetengeneza gari la waya. Chupa aliiacha palepale sakafuni bila kifuniko. Kaka akishamaliza kusaidia, kusafisha ni kazi ya anayesaidiwa. Sikuiona, kwa kuwa kumbe Kengele alikuwa ameshaivuta chini ya kochi.

Sasa ilikuwa tupu. Shingo ilikuwa na alama za meno, na mdomoni mwake umetokeza ulimi wa povu lililokauka. Nikautafuta mwanga, nikaipiga picha, nikatuma. Kisha nikageuka.

Kaka alikuwa amerudi. Alikuwa amempanda Kengele kama punda, magoti mawili mbavuni, mikono miwili imempanua taya. Wifi ameinama na jagi anamimina maziwa. Maziwa yalikuwa yakitoka puani mwa mbwa. Macho yake yalikuwa yananitafuta mimi. Yote hayo yalifanyika nyuma ya mgongo wangu, hatua chache tu kutoka miguuni kwangu, na walijua kwamba wakiwa nyuma ya mgongo wangu wana uhuru wa kufanya wapendavyo.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka jagi likiwa vipande, na Kaka akiwa amekaa chini, kashika kiwiko. Kengele alikohoa, akakohoa, mbavu zikapanda na kushuka vibaya.

Nikamsogezea Kaka chupa usoni. "Umeiacha wewe hii!"

Akaitazama. Nikaona anavyoitambua. Kisha nikaona anavyoikataa.

"Gundi haiui mbwa," akasema. "Huyu kapewa sumu. Nimeshamwambia yule bwana mbele ya watu."

Hapo ndipo nilipomwelewa kaka yangu kuliko siku zote. Maneno yameshatoka mbele ya watu, basi haiwezi kuwa gundi. Ingekuwa lazima mbwa afe kwa sumu ili yeye asiaibike.

Simu ikatetema. "Hii inavimba ikikutana na maji. Tumboni inakuwa ngumu kama ubao, haitoki kwa kutapika wala chini. Mlete sasa hivi. Asipewe kitu chochote, hata tone la maji." Nikampa Kaka asome. Alisoma, akasoma tena. Akaona maziwa sakafuni.

"Gari," nikamwambia. "Twende."

Akatoa ufunguo, akauzungusha kidoleni. "Ngoja nitafute nailoni kwanza. Atatapika kwenye viti."

Viti vile nimevishona mimi. Nilimvulia vile vya zamani, nikamshonea vipya, mshono wa mara mbili, zawadi ya ndugu kwa ndugu. Na sasa alikuwa anavilinda dhidi yangu. "Au daktari aje hapa hapa," aliendelea, "maana hata hivyo..."

Nikafumba macho. Ni silaha yangu tangu utotoni, na ndiyo pekee niliyonayo. Nikifumba macho hakuna awezaye kuniambia kitu. Tulipokuwa wadogo Kaka alikuwa akinivuta kope kwa vidole ili aendelee kunikaripia. Safari hii hakuthubutu. Nikampapasa Kengele gizani, nikamwinua mikononi, mzito na anatetemeka, ndipo nikafumbua macho na kutoka nje.

Watu walikuwa bado wamejaa. Fundi Baiskeli alisimama katikati yao, shati limekatika vifungo, anahema. Nikamwendea moja kwa moja.

"Si wewe," nikamwambia, na nikahakikisha sauti ni kubwa. "Ni gundi. Mbwa amekula gundi ya kaka yangu. Naomba unisaidie kumfikisha kwa daktari."

Alimtazama Kengele, akanitazama mimi, na alichosema nilikiona vizuri kabisa. "Mbwa wako simpendi."

"Najua."

"Simpendi hata kidogo." Akaenda ukutani, akavuta baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, ya mteja, breki moja haijafungwa. "Mpandishe."

Nikakaa kwenye bodi la mizigo na Kengele mapajani. Fundi Baiskeli alikanyaga pedali akiwa amenipa mgongo, kwa hiyo kama alitutukana njia nzima sijui, ila mabega yake yalikuwa mabega ya mtu anayetukana. Kwenye mteremko alisimamisha baiskeli kwa kandambili. Kengele alijaribu kutapika tena, akatoa ute wenye maziwa, nikampangusa kwa aproni na kumshika kichwa kisilale chini. Nilikuwa naogopa, na woga wangu siku zote hutoka ukiwa hasira. Njia nzima nilimtukana kaka yangu kwa sauti, na watu waligeuka kutazama.

Daktari ni mwanamke mfupi mwenye tabia moja ninayompendea: akiongea na mimi anashusha barakoa na kunitazama. Alimpapasa Kengele, akampiga eksirei, akaniita nione picha ubaoni. "Hili hapa ndilo tumbo," akasema, kidole juu ya wingu. "Limejaa lote. Lazima nipasue. Akiamka salama kwenye usingizi wa dawa, nina matumaini." Akaniuliza kama nakubali. Aliniuliza mimi. Nikasema apasue.

Tukakaa kwenye benchi la nje, mimi na Fundi Baiskeli. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alikaa amefunga mikono, amenuna, akajigeuza kidogo ili nimwone mdomo, jambo ambalo ndugu zangu wa damu husahau.

"Ameniita muuaji mbele ya wateja wangu," akasema.

"Nimeona."

"Nilisema nitamnyamazisha, ndiyo. Nilisema kwa hasira."

"Na mimi husema."

Mimi nikawa na swali ambalo sijawahi kumuuliza mtu. "Akibweka inakuwaje? Sauti yenyewe?"

Akafikiri, uso umekunjamana. "Kama mlango wenye bawaba kavu," akasema mwishowe. "Mlango mkubwa."

Nilicheka, na nikiwa nacheka machozi yakatoka, nikachukia. Yeye akatazama pembeni mpaka nilipomaliza.

Kaka na Wifi walifika daktari akiwa bado ndani. Kaka hakumtazama Fundi Baiskeli. Mlango ulipofunguka na daktari akatokea, Kaka ndiye aliyemwahi, akasimama mbele yake, mgongo kwangu, akaanza kuongea. Nikaona kisogo chake tu, na masikio yakichezacheza. Wifi alikuwa upande wa pili, uso kwangu.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

Wifi akainamisha kichwa, kisha akakiinua ili nione. Namshukuru kwa hilo. "Anasema chumba kiko tayari. Anamwomba daktari akwambie, kwamba kama mbwa hatafaa tena kwa kazi, basi, uhamie kwetu. Anasema wewe daktari utamsikiliza."

Daktari hakumjibu Kaka. Alitazama juu ya bega lake mpaka akayapata macho yangu, akashusha barakoa. "Dada yako yuko hapa," akamwambia Kaka, bila kuacha kunitazama. "Mwambie mwenyewe." Kisha akampita Kaka pembeni kama mtu anayepita kiti, akaniletea beseni.

Ndani yake kulikuwa na bonge la manjano, gumu, lenye matundumatundu ya povu. Lilikuwa na umbo la tumbo: limepinda, huku pana, kule jembamba, na mikunjo ya ndani imejichora juu yake kama mikunjo ya kitambaa kwenye mto ulioshindiliwa. Katikati kulikuwa na kipande cha plastiki. Kifuniko cha chupa. Kumbe kifuniko nacho kilikuwa sakafuni.

"Gundi nimeitoa yote," daktari akasema. "Yuko hai. Tumbo litapona. Lakini alinyweshwa kitu kwa nguvu, sivyo? Maziwa yameteremka kwenye mapafu. Gundi naweza kuitoa kwa kisu. Maziwa siwezi. Nimempa dawa, tungoje."

Nikamgeukia Kaka. Nilikuwa na maneno mengi, ya miaka mingi, yote yamejipanga mlangoni yakigombea kutoka. Kaka alikuwa ameliona bonge. Uso wake ulikuwa umepauka, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza: "Mdogo wangu, nia yangu ilikuwa..."

"Lichukue," nikamwambia. Nikalitoa beseni mikononi mwa daktari na kulisukuma kifuani kwake. "Huyu hapa uliyemkaba shati. Lakini usimwombe radhi hapa, kwenye kona. Utalipeleka bonge hili uani kwake, mbele ya watu walewale, useme limetoka wapi. Kabla ya hapo usitie mguu kwangu. Na ukija, utakuja kama watu wanavyokuja kwenye nyumba ya mtu."

"Nisikilize kwanza..."

Nikafumba macho. Nilikaa hivyo mpaka nilipohisi mkono mdogo wa Wifi begani, na nilipofumbua, Kaka alikuwa ameondoka na beseni.

Siku zilizofuata ziliniuma. Nilifanya kazi nikiwa nimegeuzia benchi mlangoni, na bado wateja walibisha wakachoka. Niliona migongo yao ikivuka ua. Jikoni nilisimama mbele ya sufuria kama mlinzi. Kila nilipomtembelea Kengele alikuwa amelala na dripu mguuni, anakohoa, na daktari hakunidanganya: kuna asubuhi alisema hajui. Usingizini niliota chumba cha nyuma, kile kitanda kilichotandikwa vizuri, na niliamka nimekasirika na shuka.

Kisha kikohozi kikapungua, daktari akaniruhusu nimchukue. Kengele alirudi nyumbani tumbo limenyolewa, mshono mrefu katikati, mshono mzuri, nilikiri kama fundi kwa fundi. Alikula chakula laini kidogo kidogo, hakutapika. Lakini alilala tu kwenye gunia lake. Muuza vitambaa alikuja akabisha. Nilijua kwa sababu hatimaye alizunguka dirishani akanipungia. Nilimtazama Kengele. Masikio yake yalikuwa yamesimama, alikuwa amesikia. Hakuinuka. Sikumlaumu. Kila alipobaki amelala nilijua anakumbuka magoti ya mtu mbavuni mwake, na nilimchukia Kaka upya, toka mwanzo, kwa utulivu.

Asubuhi moja nilikuwa navuta mikanda kwenye fremu ya kiti, misumari midomoni, mgongo kwa mlango kwa sababu kazi ile haifanyiki vinginevyo. Nikahisi baridi gotini. Unyevu. Nikatazama chini, na Kengele alikuwa amesimama, miguu ya nyuma inatetemeka, pua yake kwenye goti langu. Akanisukuma tena, kwa nguvu kidogo, kama kuniuliza nangoja nini.

Nikatema misumari kiganjani. Nikageuka.

Nje ya kioo cha mlango alisimama Kaka. Ufunguo wake ulikuwa umening'inia kidoleni, ameusahau huko, kwa sababu mkono ule ule ndio uliokuwa umekunjwa ngumi, umeinuliwa kubisha. Chini ya kwapa alikuwa na bonge la manjano ndani ya mfuko wa nailoni. Nyuma yake, uani, watu walikuwa wanatawanyika taratibu kama wanaotoka kwenye jambo, na Fundi Baiskeli alikuwa amesimama langoni kwake na mikono kifuani, bado amenuna. Aliponiona akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kwa shingo ngumu.

Mdomo wa Kaka ukasema, "Hodi."

Sikufungua. Hasira yangu ilikuwa bado nzima, na sikuona sababu ya kuipunguza kwa ajili ya mtu aliyebisha mlango mara moja katika maisha yake. Nikamwonyesha kwa kidole: bisha tena. Nikarudi kwenye kigoda changu, kile chenye mguu wa povu, nikakaa nikimpa mgongo. Nikaweka mikono mapajani, nikangoja.

Kengele akanigusa goti.